Acheni kuziua kompyuta za watu

Haya wadau, nimerudi kampasi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nyumbani Nassa na bando lilikuwa la kujipimia kama mafuta ya taa. Nilitaka niandike habari za likizo, lakini kuna kitu kimenikaa kooni, na baadhi yenu mnaosoma hapa kinawahusu. Ninyi wa IT hasa. Msininunie.

Kwa wasioijua, Nassa iko Busega, barabara ya Mwanza–Musoma. (Zamani tulikuwa wa Magu, mkoa wa Mwanza. Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012 ndipo Bariadi ikawa makao makuu yetu.) Baba yangu mdogo ana steshenari pale: fotokopi, kuchapa barua, na msimu wa maombi ya mikopo ya Bodi vijana hupanga foleni mpaka nje. Mashine yake ni Dell OptiPlex 790 ya mwaka 2011, Core i3, RAM GB 4, hadidiski ya zamani ya kuzunguka, Windows 7. Hiyo Windows 7 Microsoft wenyewe waliiacha tarehe 14 Januari 2020, Chrome nayo ikaiacha mwaka 2023, kwa hiyo tovuti zikaanza kumgomea.

Akaita fundi. Fundi kaangalia dakika tano, kasema: "Mzee, hii imekufa. Windows 11 haikubali. Tafuta laki nane na nusu nikuletee nyingine."

Nafika nyumbani nakuta baba mdogo keshaongea na mnunuzi wa mtamba wake. Nimemsalimia shikamoo, hata marahaba hajaimaliza, kaniuliza: "Mwanangu, wewe uko chuo. Kweli imekufa?"

Jamani, ilikuwa inawaka! Inachapa, inaprinti, ila inajivuta.

Fundi alisema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza ng'ombe za watu. Ni kweli Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ile ya baba mdogo ni kizazi cha 2. Lakini mashine kukataliwa na Windows 11 na mashine kufa ni vitu viwili tofauti, na fundi anayelipwa kwa kuuza nyingine hana haraka ya kuvitofautisha.

Kuna kundi la pili, na humu mmo, nawajua. Nyie mnapiga Windows 11 kwa mlango wa uani, halafu mnachomeka flashi yenye kidude cha kuifungua bure, kile kinachosema "zima antivirasi kwanza". Mnazima kweli! Kwenye kompyuta ambayo mtoto wa mtu anaandika namba yake ya NIDA na nywila ya akaunti ya mkopo. Na Microsoft wamesema mashine isiyotimiza vigezo haina uhakika wa kupata masasisho. Windows 10 nayo? Masasisho yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na wanaojiandikisha wameongezewa mpaka Oktoba 2026. Huko ni kumhamisha mzee kutoka nyumba inayovuja kwenda nyingine inayovuja.

Mimi nilifanyaje? SSD ya GB 120 na RAM ya mtumba ya GB 4 nyingine, jumla haikufika laki. Linux Mint 22 nilikuwa nayo kwenye flashi, niliishusha kwa intaneti ya chuo. Hiyo inahudumiwa mpaka mwaka 2029, bure. Kazi ilichukua mchana mmoja, na muda mwingi ulikwenda kupuliza vumbi na kutafuta kebo. Zamani ukiwasha unakwenda kunywa chai, sasa hata kiti hujakivuta vizuri imeshawaka.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Printa ilinisumbua siku nzima, bando lote likaishia kwenye draiva. CV za watu zilizoandikwa kwa Calibri zilivurugika mpaka nikaweka fonti ya Carlito, ambayo vipimo vya herufi zake ni sawasawa. Na kama ana programu ya uhasibu ya Windows tu, hapo ningemwambia asubiri. Lakini steshenari inahitaji nini? Kuandika, kuprinti, kufungua tovuti.

Mtaniambia watu wetu hawaziwezi programu hizo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, bure. Leo mnaniambia Mswahili haziwezi? Binamu yangu wa darasa la saba alielekezwa mara moja, sasa ndiye anayemwelekeza babake.

Mtamba yupo zizini. Kuna shule moja jirani ina desktop sita zimefunikwa vitambaa, nazo "zimekufa". Likizo ijayo nakwenda na flashi mbili. Wa IT mwenye nauli mpaka Mwanza aseme, kutoka hapo tunapanda wote. Na mwenye RAM za DDR3 zinazokaa bure hosteli asizitupe, anitafute.