Aliyeinama kazini apewe nafasi ya kuinuka

Uchovu wa kazini aghalabu huchukuliwa kuwa uvivu. Karani akisimama kujinyoosha, mkubwa wake hudhani anakwepa kazi. Kibarua akitua kikapu, mwenye shamba hukunja uso. Kwa maoni yangu, fikira hizi humletea hasara mfanyakazi na mwajiri vilevile.

Tufahamu kwanza uchovu huu hutoka wapi. Msuli ukikazwa kwa muda mrefu bila kulegezwa, huibana mishipa inayouletea damu. Hapo maumivu huanza. Navyo visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo havina mishipa ya damu ya kutosha. Hutegemea mwili usogee ndipo vipate lishe. Ndiyo sababu mtu huweza kuchoka kwa kuketi tu kutwa nzima.

Kwa hivyo mazoezi ya mapumziko si lazima yawe ya kutoa jasho. Shabaha yake ni kuupa mwili kinyume cha kile ambacho kazi imeulazimisha kufanya.

Karani wa ofisini na fundi wa cherehani mjini Kisii huketi mno. Hawa na wasimame walau kila baada ya saa moja, watembee hadi mlangoni, wazungushe mabega, kisha wainue visigino mara 15 ili damu iliyotuama miguuni ipande.

Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka huketi ameinama huku vidole vimekaza kisu. Yeye na aweke kisu chini, asimame, anyooshe magoti, afungue na kufumba viganja. Afanye hivyo mbali na vumbi la mawe, kwani vumbi hilo hudhuru mapafu.

Mchumaji wa majani chai katika milima ya Nyamira hana upungufu wa mazoezi. Hupanda na kushuka miteremko akiwa na kikapu mgongoni. Kumwambia arukeruke ni kumwongezea mzigo. Atue kikapu, ashike kiuno kwa mikono miwili, aelemee nyuma polepole mara 5, anywe maji, kisha aketi.

Lakini hapa ndipo penye shida. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Dakika anayopumzika ni dakika asiyolipwa, basi atajinyoosha na nani? Kumhubiria afya bila kugusa malipo ni kupoteza maneno.

Tupige hesabu. Tuseme mtu huchuma kilo 40 kwa saa 8. Mapumziko mawili ya dakika 5 kila moja yatapunguza mavuno yake kwa chini ya kilo moja. Mwenye shamba akimlipa kilo hiyo kama sehemu ya kazi, hatafilisika. Akikataa, anayebeba gharama yote ni yule mwenye kipato kidogo zaidi, na hulipa kwa mgongo wake.

Jambo hili si geni. Nchini Japani mazoezi mafupi ya viungo yalianza kutangazwa redioni mwaka 1928, na hadi leo kuna makampuni ambayo wafanyakazi hujinyoosha pamoja kabla ya kazi. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri alinde usalama, afya na ustawi wa kila anayemfanyia kazi.

Hata hivyo, mazoezi si dawa ya kila uchovu. Hayawezi kuchukua mahali pa usingizi, chakula wala siku ya mapumziko. Uchovu usiokwisha hata baada ya kulala huenda ukawa dalili ya upungufu wa damu, kisukari au maradhi mengine. Maumivu ya kifua, mguu kufa ganzi au mkono kukosa nguvu ni mambo ya kumwona daktari bila kukawia.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mjini mna kipande cha chai nyumbani, na mnawaandika vibarua kukichuma. Hamhitaji kungoja serikali wala kampuni kubwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini anayeinama kwa ajili yako mpe dakika 5 za kuinuka, na umlipe dakika hizo.