Kodi ya Kamari na Kitisho cha Ng'ambo

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi tu. Umo pia katika namna taifa linavyoitafuta riziki na linavyoihukumu riziki isiyo na jasho. Kwa hiyo suala la kodi ya kamari si la wahasibu peke yao. Ni letu sisi tunaofundisha na tunaofundishwa.

Wapo wanaodai kwamba kamari isitozwe kodi nzito, kwani mchezaji atazikimbia kampuni za nchini na kuziendea za ng'ambo zisizolipa hata senti. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana imewahi kuishinda serikali yenye nguvu. Mwaka 1999 Victor Chandler, tajiri wa kamari wa Uingereza, alihamia Gibraltar ili wateja wake waepuke makato ya asilimia 9. Wengine walimfuata, na mwaka 2001 Uingereza ikaiondoa kodi ya mchezaji, ikatoza badala yake asilimia 15 ya faida ghafi ya kampuni.

Wasimulizi wa habari hiyo hukomea hapo. Sisi hatuna budi kuimaliza. Tarehe 1 Desemba 2014 Uingereza iligeuza msingi wa kodi: haikuuliza tena kampuni iko wapi, iliuliza mchezaji anakaa wapi. Kampuni za Gibraltar zilishtaki, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaikataa hoja yao.

Kwetu Afrika Mashariki njia ni fupi zaidi. Mchezaji wa Kisumu hutuma dau kwa simu, na fedha hiyo hupita katika mtandao wenye leseni ya serikali. Julai 2019, Kenya ilipoagiza zifungwe namba za malipo za kampuni 27 ambazo leseni zao hazikuhuishwa, ilidhihirika mlango umo mikononi mwa nani. Mbona basi kodi ya dau iliyumba? Iliwekwa mwaka 2019 kwa asilimia 20, ikafutwa mwaka 2020, ikarudishwa mwaka 2021 kwa asilimia 7.5. Watakaopenya kwa njia za panya watakuwapo. Lakini ni nchi gani iliyofuta ushuru wa forodha kwa kuwaogopa wafanya magendo?

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kodi huitakasa kamari. Hazina iliyozoea fedha hiyo itahuzunika siku vijana watakapoacha kucheza, na mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kodi iwe hatamu, isiwe ubia.

Basi yatupasa kudai mambo mawili. Kodi imfuate mchezaji alipo, wala isipunguzwe kwa kutishiwa ng'ambo. Na mwalimu wa hesabu awafundishe vijana kukokotoa kwa kalamu sehemu ya kila dau inayobaki kwa mwenye mchezo. Kijana aliyeijua hesabu hiyo hatakimbilia Gibraltar wala kibanda cha jirani.