Toeni Matuta Kwanza, Ndipo Mumseme Andy Cole

JICHO LA JUMAMOSI
Na Bi Zuhura

Wiki hii nimeudhiwa na kicheko. Tulikuwa kibanda umiza cha mtaani kwetu, mechi haijaanza, na kijana mmoja aliyevaa jezi ya Harry Kane anatutajia straika bora wa Kiingereza katika historia ya Ligi Kuu: Shearer, Kane, Rooney. Nikamwambia, mwanangu, umemruka Andy Cole.

“Aah, mama! Si ndiye yule wa kukosa mabao ya wazi?”

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hata shemeji yangu, aliyejaza picha za Manchester United ya 1999 sebuleni, aliinama akaanza kuchezea kizibo cha soda. Shemeji, hili nakudai.

Hasira haijanitoka hadi sasa. Kijana yule hajapata kumwona Cole akicheza dakika 90. Mpira anaujua kwa vipande vya simu, na kwenye simu mtu akishaitwa mkosaji, hukosa milele. Glenn Hoddle alipokuwa kocha wa Uingereza alidai Cole anahitaji nafasi sita au saba ndipo afunge moja, na watu wakaidaka kauli hiyo bila kuuliza. Wakaongezea siku ya mwisho ya msimu wa 1994/95: United walihitaji kuifunga West Ham wawe mabingwa, Cole akakosa, kipa Ludek Miklosko akadaka kila kilichokuja, ikaisha 1-1, kombe likaenda Blackburn. Siku moja tu, na mpaka leo inamfuata.

Mbona hamsemi kwamba miezi miwili kabla ya hapo aliipiga Ipswich mabao matano peke yake katika kipigo cha 9-0? Hakuna aliyewahi kufunga matano katika mechi moja ya Ligi Kuu kabla yake. Mbona hamsemi 1993/94, alipofumania nyavu mara 34 katika mechi 40 za ligi akiwa na Newcastle iliyotoka kupanda daraja, wakamaliza nafasi ya tatu? Mwaka 1996 alivunjika miguu yote miwili katika mechi ya vikosi vya akiba dhidi ya Liverpool. Akapona, akarudi kufunga.

Mwaka 1999 ndio unaonichoma zaidi. Kila mtu ana hadithi ya dakika za nyongeza, Sheringham na Solskjaer. Lakini kufika fainali hiyo ya Ligi ya Mabingwa, United walipitia Turin, na bao la tatu lililowazika Juventus lilikuwa la Cole. Ligi nayo ilikuja kuamuliwa Old Trafford dhidi ya Tottenham. Ilikuwa 1-1, Cole akaingia baada ya mapumziko, akichukua nafasi ya Sheringham huyohuyo. Hazikupita dakika nyingi, Gary Neville akampigia mpira wa juu. Cole akautuliza, akauacha udunde, akaubetua juu ya kipa Ian Walker bila papara yoyote. Ubingwa ukapatikana pale. Niambieni nafasi nyingine sita alizihitaji wapi.

Kijana wangu akaja na hoja ya timu ya taifa: mechi 15, bao moja, dhidi ya Albania mwaka 2001. Kweli kabisa. Lakini mechi zake nne za kwanza alichezeshwa na makocha wanne tofauti: Venables, Hoddle, Wilkinson, Keegan. Walimwita, wakamwacha, wakamwita tena, halafu aibu ya Uingereza yote wakambebesha yeye. Mshambuliaji hujengwa kwa kuaminiwa, na Uingereza haikumwamini kamwe.

Sasa tuhesabu, kwa kuwa vijana wanapenda hesabu. Cole ana mabao 187 ya Ligi Kuu, na tuta ni moja tu. Shearer ana 260, matuta 56. Kane aliondoka kwenda Ujerumani na 213, matuta 33. Rooney 208, matuta 23. Tuta ni bao halali, silidharau. Lakini mkiyatoa, Kane anabaki na 180, Rooney 185, Cole 186. Katika orodha ile ya kibandani, aliye juu yake ni Shearer peke yake. Kama huyo ndiye mkosaji, basi mwenye ile jezi amevaa jina la mkosaji mkubwa zaidi.