Nguo ya Thomson na Nguo ya Wafipa

Limerudiwa mno visiwani na mwambao, hata na wenye kusoma, dai kwamba bara ilivikwa nguo na misafara ya pwani, na kwamba kabla ya merikani wenyeji wake walijisitiri kwa ngozi na magome tu. Dai hilo lipelekwe Ufipa likajaribiwe.

Mwaka 1880 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 22, aliipita nchi hiyo ya juu ambayo leo mji wake mkuu ni Sumbawanga. Wafipa wa zama hizo walisokota pamba na kuifuma wenyewe. Jina la mgeni huyo halina fumbo: Thomson ni mwana wa Thomas, kama visiwani mtu aitwavyo bin Juma. Lakini leo mwenye jina hilo akiingia duka la Edinburgh huonyeshwa tartani, kitambaa cha sufu chenye mirabamraba, akaambiwa ni nguo ya ukoo wake tangu kale. Kale ipi? Thomson alizaliwa Penpont, kusini mwa Uskoti, na tartani ilikuwa vazi la watu wa milima ya kaskazini. Sheria ya 1746 ililipiga marufuku vazi hilo, likaruhusiwa tena 1782. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, kila mwenye cheo alitaka nguo ya ukoo wake, na wafumaji wa Bannockburn wakaona biashara. Mwaka 1842 ndugu wawili wakachapisha kitabu cha tartani walichodai kimetoka katika hati ya kale. Wataalamu wameikana hati hiyo. Juu ya hayo yote, sheria ya 2008 imewapa Waskoti daftari rasmi la tartani zao. Wana haki. Hata pwani zimo shajara za nasaba zisizopenda kufunuliwa sana.

Kosa ni mizani mbili. Kilichopewa ukoo na wenye maduka huitwa turathi. Kilichotoka katika kitanda cha mfumi wa Kifipa hakitajwi. Na kwa nasaba, nani mkweli zaidi? Masimulizi ya Ufipa hayafichi kwamba Ntatakwa wa Milansi ndiye aliyetangulia, na kwamba Watwachi, waliotawala Nkansi na Lyangalile, ni kizazi cha wanawake wageni walioutwaa utawala siku mwenyewe hayupo nyumbani.

Ufumaji huo haukukoma kwa uhaba wa ustadi. Uliangushwa na nguo rahisi za viwandani, na nyingi kati ya hizo zilishushwa kwanza bandarini Unguja.