TAHARIRI: Tuutazame mwaka 2030 tangu leo

SIKU ya Jumatano, Oktoba 29, 2025, Watanzania waliitwa kupiga kura, na siku hiyo hiyo zikazuka ghasia katika miji kadhaa, ikiwamo Mbeya yetu. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa, na zipo familia zilizobaki zikiwatafuta jamaa zao. Tangu hapo wapo wasemao kuwa nchi imekwisha, na wapo wasemao tusahau, kwani yaliyopita si ndwele. Sisi tunaona kuwa wote wawili wanatazama karibu mno.

Hebu tuizingatie Zanzibar. Januari 26 na 27, 2001, watu waliokuwa wakipinga uchaguzi wa mwaka 2000 walipigwa risasi Unguja na Pemba. Makumi waliuawa, na wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Mkazi wa Wete siku zile angekuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Oktoba 2001 CCM na CUF walitia saini Muafaka, na mauaji yale yakachunguzwa na tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Muafaka haukutekelezwa kikamilifu, na uchaguzi wa 2005 ukaleta malalamiko mapya. Hata hivyo, Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na Julai 31, 2010 zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa amani.

Njia hiyo ilichukua miaka tisa. Mazungumzo yalivunjika, yakaanzwa upya. Wala jengo lile halikujilinda lenyewe: Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi yalifutwa, na uhasama ukarejea. Amani isiyokarabatiwa huvuja kama paa bovu wakati wa masika.

Waislamu tunalo funzo la zamani zaidi. Mwaka wa 6 Hijria Masahaba walirudi kutoka Hudaibiya bila kufanya Umra, nyoyo zao zikiwa nzito. Miaka miwili baadaye Makka ilifunguliwa, na katika miaka hiyo Mtume (s.a.w.) hakukaa bure; alituma wajumbe na barua kwa wafalme, na akaendelea kulingania.

Basi subira ni kazi. Novemba 2025 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, lakini kazi ya tume haiuondolei msikiti wajibu wake. Kila jamaa ya msikiti iwajue wafiwa wake, iandike kwa ridhaa yao yaliyowapata, na iwatunze yatima kwa ada ya shule na chakula. Vijana wafundishwe Katiba na haki zao, wasitumwe na mwanasiasa yeyote kuchoma mali wala kunyamazia dhulma.

Kijana wa Ilomba mwenye miaka 15 leo atakuwa mpiga kura mwaka 2030. Atakachokibeba siku hiyo, hasira au hekima, anakiokota sasa kutoka kwetu.

Allah atupe subira yenye matendo. Amin.