Kesi za Mahakamani na Kura za Wachimba Makaa

Katika Marekani umezuka mtindo ambao sasa ni kama sehemu ya kampeni yenyewe. Uchaguzi unapokaribia, Gavana au Mwanasheria Mkuu wa Jimbo huishtaki Serikali ya Shirikisho mahakamani, akidai kwamba kanuni zake za mazingira zinawanyang'anya wananchi wa jimbo lake riziki yao. Jina la mshtaki huandikwa magazetini, naye huonekana kwenye televisheni kama mtetezi wa wanyonge. Kesi yenyewe huamuliwa miaka kadhaa baadaye, kura zikiwa zimekwisha kuhesabiwa zamani.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa West Virginia, jimbo la milima na makaa ya mawe. Mwezi Juni 2010 Seneta Robert Byrd alifariki akiwa na umri wa miaka 92, na Gavana Joe Manchin wa chama cha Democratic akasimama kukigombea kiti chake. Mzigo wake mkubwa ulikuwa kwamba chama chake ndicho kilichokuwa cha Rais Barack Obama, ambaye hakupendwa katika jimbo hilo. Na mpinzani wake, John Raese, hakuchoka kuwakumbusha wapiga kura jambo hilo. Tarehe 6 Oktoba 2010, majuma manne kabla ya uchaguzi, Gavana huyo aliishtaki Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Serikali ya Shirikisho. Mwezi huo huo akatokea katika tangazo la televisheni ameshika bunduki, akaulenga muswada wa kudhibiti hewa chafu na kuupiga risasi. Alishinda.

Yafaa tuseme kesi ile ilihusu nini, maana bunduki haikueleza. Katika milima ya Appalachia makampuni huvunja vilele vya milima kwa baruti ili kuufikia mkaa, kisha mawe na udongo humwagwa mabondeni, juu ya vijito. Maji yanayochuruzika humo hubeba chumvichumvi zinazoua viumbe wadogo ambao ndio chakula cha samaki. Mwezi Aprili 2010 Idara ilitoa mwongozo uliotaka vibali vya migodi hiyo vichunguzwe kwa makini zaidi. Jimbo likalalamika kwamba mwongozo huo ulikuwa sheria mpya iliyojificha katika vazi la waraka, na kwamba Bunge liliyapa majimbo madaraka yao katika mambo ya migodi.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mtumishi wa serikali aliyewahi kupokea waraka kutoka juu unaobadilisha taratibu bila kukiri kwamba unazibadilisha ataielewa mara moja. Jaji mmoja mjini Washington aliikubali mwaka 2012. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2014. Wala si kweli kwamba majimbo hushtaki kwa ajili ya moshi tu. Mwaka 2007 Massachusetts na wenzake waliishinda Idara hiyo hiyo katika Mahakama ya Juu, wakilalamika kwamba ilikuwa imekataa kudhibiti hewa zinazoongeza joto duniani. Kwa hiyo haki ya jimbo kwenda mahakamani siyo tunayobishania hapa.

Tunachobishania ni kile wachimba makaa walichoambiwa. Kwenye majukwaa hawakuelezwa habari za miongozo na vibali. Waliambiwa kwamba Washington inachukua kazi zao. Katika miaka ya 1940 migodi ya West Virginia iliajiri watu zaidi ya 100,000. Idara ya Mazingira ilianzishwa Desemba 1970, na kufikia wakati huo zaidi ya nusu ya kazi hizo zilikuwa zimekwisha kupotea. Aliyezichukua ni mashine ya kukata mkaa chini ya ardhi. Uvunjaji wa vilele nao ukahitaji watu wachache zaidi, maana baruti na matingatinga makubwa hufanya kazi ya vikosi vizima. Mzee Byrd mwenyewe, aliyeutetea mkaa tangu alipoingia Seneti mwaka 1959, aliandika jambo hilo waziwazi Desemba 2009 na kuwasihi watu wake wakubali kwamba mambo yamebadilika. Aliyekirithi kiti chake aliona bunduki inaeleweka upesi zaidi.

Tazama basi yaliyofuata. Kanuni ya mwaka 2015 ya kupunguza hewa chafu kutoka mitambo ya umeme ilisimamishwa na Mahakama ya Juu Februari 2016, kabla haijatumika hata siku moja. Mwezi Juni 2022 Mahakama hiyo ikalipa jimbo ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Mwanasheria Mkuu aliyeiongoza kesi hiyo, Patrick Morrisey wa chama cha Republican, alikuwa ameshindwa na Manchin huyo huyo mwaka 2018 katika kugombea Seneti. Mwaka 2024 alichaguliwa kuwa Gavana. Lakini wachimba makaa, waliokuwa kama 20,000 mwaka 2010, walikuwa pungufu ya 15,000 ilipofika mwaka 2020. Gesi ya bei nafuu iliuondoa mkaa katika mitambo mingi ya umeme, na gesi haishtakiwi.

Tusiwacheke wapiga kura hao. Mtu ambaye bonde lake lina mwajiri mmoja tu hana anasa ya kungoja takwimu. Ila anastahili kuuliza serikali ya jimbo, inayojiita mlinzi wake, imemlinda vipi. Februari 1972 bwawa la taka za mkaa lilibomoka huko Buffalo Creek na kuua watu 125. Jimbo liliidai kampuni dola milioni 100. Gavana Arch Moore, siku chache kabla ya kuondoka madarakani mwaka 1977, akakubali milioni 1.

Jioni ya tarehe 8 Januari 2014 Gavana Earl Ray Tomblin aliwahutubia wabunge wa jimbo mjini Charleston na kuahidi kwamba hatarudi nyuma mbele ya Idara ya Mazingira. Kesho yake tangi la dawa ya kusafishia mkaa lilivuja katika mto Elk, karibu na mtambo wa maji wa mji, na watu wapatao 300,000 wakakatazwa kuyanywa maji ya bomba na hata kuyaogea. Gavana aliiomba Washington msaada, na malori ya maji yakaja. Mwaka huo wabunge walipitisha sheria ya kukagua matangi bila hata mmoja kuipinga. Mwaka uliofuata, wakubwa wa viwanda walipolalamika, wakailegeza.