Anapaliwa? Hapana

Kila tunapokaa kujadili namna ya kuwasaidia kwa mbali wanaouguza wagonjwa wenye shida ya kumeza, mazungumzo hukimbilia programu ya simu: nani aitengeneze, iwe na video au isiwe nayo, taarifa zitunzwe wapi. Nimechoka. Makala kadhaa za toleo hili zilianzia hapohapo, nikawarudishia waandishi na swali moja: mgonjwa wako anakula nini?

Anakula uji. Mama aliyepata kiharusi akarudishwa nyumbani Handeni au Homa Bay hana ule unga wa kopo wa kufanyia vinywaji vizito, ingawa miongozo yetu huutaja kana kwamba uko duka la jirani. Ana uji, na uji una tabia zake. Ukiwa wa moto ni mwepesi, ukipoa huwa mzito. Kijiko kikitoka mdomoni kikarudi kikombeni hubeba mate, na mate huvunja wanga. Baada ya muda ule uji mzito unateremka kama chai. Binti anayelisha haoni kosa, maana ameupika kama alivyoupika jana. Na aliyeambiwa atie kimea, ushauri tuliouhubiri Tanzania miaka ya 1980 kwa uji wa watoto (na kwao ulifaa sana), anaufanya mwepesi uji ambao mtaalamu wa tiba ya usemi ametaka uwe mzito.

Haya yanazungumzika kwa simu ya batani. Chukua bomba la sindano la mililita 10, chomoa kile kijiti cha kusukumia, ziba tundu kwa kidole, jaza uji uliochujwa hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Umebaki kiasi gani? Kati ya 4 na 8 ni ngazi ya 2 ya vipimo vya IDDSI, vile vya kimataifa vya uzito wa vinywaji na vyakula. Ukizidi 8 na bado unatiririka, ngazi ya 3. Anayeuguza atakusomea namba hiyo kama anavyosoma tokeni ya umeme wa LUKU. Ila apigiwe wakati wa kula, uji ukiwa kikombeni, si saa nne asubuhi kwa kuwa ndipo mtaalamu yuko ofisini.

Kuna na neno letu lenyewe linalotuponza. Kupaliwa, kwa Mswahili, ni kukohoa hadi machozi yatoke. Wagonjwa wengi wa kiharusi chakula huwaingia njia ya hewa bila kikohozi chochote. Uliza kwa simu "Anapaliwa?" na utajibiwa hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Afadhali mgonjwa apewe simu aseme "aaa" kabla na baada ya kumeza, usikilize kama sauti imeingia majimaji. Hata hiyo haitoshi. Uliza na homa.

Wenye shaka na vinywaji vizito watanikumbusha majaribio ya 2008 ya watafiti akina Logemann na Robbins: vinywaji vizito vilipunguza kule kuingia kwa kinywaji njia ya hewa kulikoonekana kwenye eksirei, lakini tofauti ya nimonia haikuthibitika, na upungufu wa maji mwilini ulionekana zaidi kwa waliokunywa vizito. Wale walikuwa wagonjwa wa Parkinson na wa kupoteza kumbukumbu, si wa kiharusi, lakini onyo nalipokea. Kwa hiyo simu hiyohiyo iulize mgonjwa amekojoa mara ngapi tangu asubuhi.

Makala ya pili ya toleo hili inatetea video, kwa hoja kwamba mto uliowekwa vibaya na kichwa kilichoegemea nyuma havisikiki kwa sauti. Nakubali, nusu. Ya tatu, kuhusu kusafisha kinywa cha mgonjwa, ni fupi kuliko zote na ndiyo ningependa isomwe kwanza. Ya nne inahusu nani alipie muda wa maongezi. Mwandishi ana hasira, na hasira yake ni ya haki.

Wanaotaka kunijibu wana nafasi toleo lijalo. Watakaoandika kuhusu programu waeleze kwanza bomba lao lilibakiza mililita ngapi.